Wageni wa Kitanda cha Maige

Nisipomshukuru Maige kwanza, maneno haya yatanikaba kooni. Kwa hiyo namshukuru mapema, kabla sijaanza kumcheka.

Maige ndiye mwenye nyumba yangu. Yeye anakaa Bunda, analima pamba na kufuga ng'ombe. Hapa Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, ana nyumba ndefu yenye vyumba vilivyofuatana kama mabehewa ya treni. Kila mpangaji ana mlango wake, choo ni kimoja uani, na bomba ni moja, nalo hutoa maji likijisikia. Mimi nakaa chumba cha mwisho. Nilitoka Butiama kuja kutibiwa macho, daktari akaniambia nisiwe wa kwenda na kurudi, nikae karibu. Nikakaa. Macho yakapona, mimi sikurudi. Umbea wa mjini una chumvi zaidi.

Nilihamia na mkeka, sufuria mbili na magoti mabovu. Siku moja Maige alikuja kuangalia bati linalovuja, akanikuta najaribu kuinuka kutoka kwenye mkeka. Kuinuka kwangu si jambo dogo. Kwanza nageuka nalalia tumbo, halafu natambaa mpaka ukutani, halafu naushika ukuta namwita Mungu, na Mungu naye siku nyingine anachelewa. Maige alisimama mlangoni akaona mchezo wote mpaka mwisho. Aliporudi mara iliyofuata, nyuma ya pikapu yake kulikuwa na kitanda cha mbao pamoja na godoro.

"Mama Nyamburi," akasema, "hiki chako. Usiniulize nimekitoa wapi wala bei gani."

Sikuuliza. Nililia. Nimezaa, nimelima, nimezika, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipa kitanda. Marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, hapa duniani alijilaza pema mwenyewe: kitanda cha kamba kilikuwa chake, ngozi ya ng'ombe ndiyo ilikuwa yangu. Basi usiku ule nilipokaa ukingoni mwa kitanda cha Maige na miguu ikaning'inia, nilicheka peke yangu kama msichana.

Sasa wageni.

Neno hili lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililotaka kunifukuzisha. Kwetu, nyumbani kwa mama yangu, kulikuwa na mdudu asiyetajwa ndani ya nyumba. Ni mdogo, bapa, rangi ya kahawia, anakaa kwenye mbao za kitanda na mishono ya godoro, anakunywa damu ya aliyelala, na ukimponda ananuka. Mnamjua. Mama alituambia ukimtaja jina chini ya paa anadhani unamwita, anakuja na ukoo wake. Kwa hiyo tulisema "wageni". Mama akisema, "Kwa shangazi yenu wameingia wageni," tulijua tukienda huko tutalala uani na mbuzi. Shule nilimaliza darasa la saba, vitabu nilisoma, lakini jina lile halijawahi kunitoka mdomoni nikiwa ndani. Hata sasa naandika nimetoa kiti nje, juu yangu ni mawingu tu.

Wageni walianza polepole. Leo kidoa cha damu kwenye shuka, kesho mkono umevimba kwa mstari kama nimechanjwa. Nikasema ni mbu wenye akili. Halafu nikainua godoro. Sitawaeleza nilichoona, labda mnakula.

Nilifanya ya kwangu yote. Nilianika godoro juani, nikalipiga kwa fimbo mpaka majirani wakadhani nimeolewa tena. Nilimwaga maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda. Nilipaka mafuta ya taa mpaka nikawa naogopa kuwasha kiberiti chumbani. Wageni wakaona chumba kimechafuka hewa, wakahamia ukutani. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa na nyufa tangu mvua za mwaka juzi, na nyufa zile zikawa mitaa yao. Nikipaka huku, wanatokea kule.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Yunis. Anauza mitumba sokoni, na mdomo wake hauna breki. Asubuhi moja akaja ameshika kanga yake kwa ncha ya vidole, kama mtu aliyebeba nyoka.

"Bibi, hawa wanatoka kwako wanapita ukutani. Jana nimekuta mmoja anatembea kwenye kanga yangu mpya. Mwambie Maige."

"Nimwambie nini? Kwamba kitanda alichonipa kwa huruma yake kina wageni?"

"Mwambie kunguni!"

"Toka nje kwanza ndiyo utaje!"

"Bibi, kunguni ni kunguni hata nikimtajia kanisani."

"Kanisani mtaje, Mungu yupo. Humu nipo mimi tu."

Lakini alikuwa na haki. Mimi peke yangu ningeendelea kujikuna mpaka siku ya kufa, nikamwomba Mungu anisamehe kucha ndefu. Kilichonisukuma ni Tabitha, mjukuu wangu aliyeolewa Mugango. Mimba ilikuwa ya kwanza, na kliniki walimwambia mtoto amekaa upande, asithubutu kungojea uchungu kule mwaloni kwa wavuvi, wiki za mwisho akae karibu na hospitali ya mjini. Hapa mjini ukoo wetu una chumba kimoja tu, nacho ni changu. Tabitha alinipigia akalia: "Bibi, nisipokuja kwako nitakwenda wapi?" Nikamwambia njoo. Halafu nikakiangalia kitanda. Mtoto mchanga, ngozi yake bado kama ya samaki aliyetoka majini sasa hivi, nimlaze pale?

Basi nikachukua simu.

Mjue pia kwamba Maige ana sheria moja kubwa kuliko zote: mpangaji halazi mgeni bila kumwambia. Hakuitunga kwa roho mbaya. Kabla yangu chumba changu kilikuwa na kijana mmoja mcha Mungu, akalaza kwaya nzima iliyokuja kwenye mkutano wa injili. Waliimba vizuri, lakini choo kilijaa kabla ya wakati wake. Tangu hapo Maige akisikia neno "mgeni", mkono unamwenda kiunoni.

Mimi nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia, la kwanza wageni, la pili Tabitha. Nilianza na gumu. La pili sikulifikia.

"Shikamoo mama!" Maige alikuwa anapiga kelele, yuko shambani, upepo unapuliza kwenye simu.

"Marahaba mwanangu. Pamba?"

"Inapasuka vizuri! Sema mama, mtandao huku ni wa kuazima."

"Mwanangu, nyumbani wameingia wageni."

"Nani?"

"Wageni! Wengi!"

Upepo ukapuliza kidogo.

"Wengi wangapi?"

"Baba, wale hawahesabikagi."

"Wanalala wapi?"

"Mchana wanajificha. Usiku wanakuja kitandani."

"Kitandani kwako? Na wewe upo?"

"Nipo, nitakwenda wapi na magoti haya?"

"Mama Nyamburi! Ni wanaume au wanawake?"

Nikaona huyu naye ana maswali ya kitaalamu. "Hilo nitalijuaje, mwanangu? Ila wanazaana."

"Wanakula wapi?"

"Kwangu! Kwangu tu. Wameanza na kwa Yunis, lakini mwenyeji wao ni mimi."

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imeteremka, "kwa umri wako. Nakuja."

Simu ikakatika. Nikamwambia Yunis, "Umeona? Mtu mwema. Hajabisha hata neno moja, anakuja."

Tabitha alifika kabla yake, tumbo limetangulia, mkononi mfuko wa nguo za mtoto na kifurushi cha sato wa kukaushwa. Sikumlaza chumbani kwangu. Tulijibana kwa Yunis, yeye na Tabitha kitandani, mimi mkekani, maana huko wageni walikuwa bado wanapiga hodi tu. Kitanda cha Maige kikabaki kitupu, siku zikapita, na walioko ndani yake hawakuwa na wa kumla. Hilo mlikumbuke.

Maige akaja mchana. Hakuja peke yake. Alimpitia mjumbe wetu wa mtaa, Revocatus, mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa zaidi. Tabitha alikuwa amekaa kwenye kizingiti changu, amenyoosha miguu iliyovimba, anachambua mchele. Maige akasimama mbele yake.

"Mmoja huyu," akamwambia Revocatus. "Wengine wako wapi?"

"Shikamoo baba," akasema Tabitha.

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

Tabitha akaangalia tumbo lake, akaniangalia mimi. "Baba, kwenye picha ya hospitali alionekana mmoja tu."

Nikatoka mbio, mbio zangu. "Karibuni, karibuni. Maige mwanangu, Mungu akubariki kwa kuja."

"Mama, usinibariki. Nilikwambia nini kuhusu wageni? Nikakupa chumba, nikakupa na kitanda. Leo unaniambia mwenyewe kwa mdomo wako, watu hawahesabiki, mchana wanajificha, usiku wanalala na wewe, wanazaana! Nyumba yangu imekuwa nini? Mjumbe ni shahidi. Nataka chumba changu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitaka kucheka, kicheko kikafika hapa shingoni, kikakutana na Tabitha. Alikuwa ameshainuka, ameacha ungo wa mchele chini, anachukua mfuko wake wa nguo za mtoto.

"Bibi, mimi nirudi tu Mugango. Usifukuzwe kwa ajili yangu."

"Kaa chini!"

"Bibi, nitaomba usafiri kwa—"

"Nimesema kaa! Wewe si mgeni. Wewe ni mjukuu. Wageni wako ndani."

"Ahaa!" Maige akasema. "Mjumbe umesikia? Wako ndani!"

Yunis naye alikuwa ameshatokea mlangoni kwake, anafungua mdomo. Nikamkazia jicho. Neno moja tu lingemaliza kesi, najua. Lakini fikirini. Mtu amekupa kitanda, hajawahi kukupa mtu mwingine, halafu usimame mbele ya mjumbe wa mtaa na wapangaji wote ukatangaze zawadi yake ina nini? Na jina lenyewe lilikuwa halipiti. Nikasema liwalo na liwe, wageni wajitambulishe wenyewe.

"Ingieni," nikasema. "Mketi kitandani. Watatoka tu. Hawa hawana aibu wakisikia harufu ya mwenye nyumba."

Wakaingia. Chumba changu kina dirisha dogo na pazia zito, mchana kuna giza la jioni. Wakaketi bega kwa bega ukingoni mwa kitanda, Maige ameinamia mbele kama askari, Revocatus amekunja mikono. Nikawaletea maji ya kunywa. Revocatus akaanza.

"Bibi, kwa taratibu za mtaa, mwenye nyumba ana wajibu wake na mpangaji ana wajibu wake. Mwenye nyumba anatoa nyumba inayofaa kuishi binadamu. Mpangaji anaitunza. Sasa mpangaji anapoingiza watu wasiojulikana, tena wa jinsia isiyojulikana..."

Revocatus akianza kusema huwa hafiki. Nikamwacha aseme. Nilikuwa namwangalia Maige. Kwanza alijikuna kiwiko. Halafu shingo. Halafu akainua kalio moja, akalirudisha, akainua la pili.

"Unawashwa, mwanangu?" nikamuuliza.

"Vumbi la njiani."

"Pole. Wageni wanakusalimia."

Revocatus alikuwa amefika kwenye usalama wa raia pale Yunis, aliyetufuata mpaka mlangoni, aliposhindwa kujizuia, akanyoosha kidole. Kwenye ukosi wa shati jeupe la mjumbe, mgeni mmoja, mnene, alikuwa anapanda bila haraka, kama mzee anayekwenda kunywa kahawa.

Maige akamwona. Akaangalia mkono wake mwenyewe. Akaruka.

"Kunguni!"

"Umemtaja wewe," nikasema. "Mimi sikumtaja."

Walitoka mle ndani mlango ukawa mdogo. Revocatus alivua shati mbele za watu, akalikung'uta uani kwa heshima yote ya ofisi yake. Tabitha alicheka mpaka akashika ukuta. Na Maige alisimama katikati ya ua, midomo inacheza, nikajua anaipitia ile simu yetu neno kwa neno. Mchana wanajificha. Usiku kitandani. Hawahesabikagi.

"Mama," akasema mwishowe. "Kwenu kunguni ni wageni?"

"Kwa mama yangu, ndiyo."

"Kwetu mgeni ni mtu! Ana miguu miwili! Kwa nini hukusema kunguni?"

"Ningekuwa nje ningesema. Nilipiga simu nikiwa ndani."

Wapangaji wote walikuwa wameshatoka, na kicheko kilikuwa kikubwa. Lakini shida haikuisha kwa kicheko, maana mtu akishaona aibu hutafuta pa kuitua. Maige akageukia mitumba ya Yunis iliyoanikwa kwenye kamba.

"Basi wameletwa na mitumba hii. Au umewaleta wewe mama kutoka Butiama. Kunguni si mali ya mwenye nyumba. Mimi natoa ukuta na bati. Wadudu ni wa mpangaji."

"Mitumba yangu naifua kabla haijaingia ndani!" Yunis akafoka. "Muulize bibi alihamia na nini."

"Bibi ulihamia na nini?" akauliza Revocatus, kifua wazi, shati mkononi.

"Mkeka na sufuria," nikasema.

"Na kitanda ni cha nani?"

Niliangalia kuku.

"Tulikishusha wote hapa!" Yunis akasema. "Kwenye pikapu ya nani? Maige, sema mwenyewe ulikitoa wapi."

Maige akakuna kichwa, na safari hii hakikuwa kinawasha. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja chungu:

"Pale Bunda kuna jamaa alikuwa anafunga biashara, anauza vitu vyake. Nikanunua kwake."

"Biashara gani?"

"Nyumba ya wageni."

Nawaambia, kuku walikimbia. Yunis alikaa chini kabisa, matako kwenye vumbi. Revocatus, mtu wa taratibu, alifunika uso kwa shati lake. Kitanda kimetoka nyumba ya wageni, kitakosaje wageni? Mimi nilicheka mpaka machozi yakatoka kwenye haya macho ambayo serikali imeyatibu kwa shida. Mwisho Maige mwenyewe akacheka, na nilipomwona amecheka nikajua Tabitha amepata pa kulala.

Lakini bado nilimtetea, msinione mbaya. Nikasema, "Mwanangu, kitanda ulinipa, ni changu, na asante yangu haijaisha. Wa kitandani ni wangu, nitapambana nao. Lakini nyufa za ukuta ni zako, na wameshajenga humo. Mimi nikiua wa kitandani, wa ukutani wanashuka. Yunis akiua wa kwake, wa kwangu wanapita. Tutakuwa tunapokezana tu."

Maige akaingia tena, safari hii bila kukaa. Akafungua pazia, akachomeka njiti kwenye ufa, akaitoa, akaitazama. Akaenda chumba cha Yunis, akafanya vilevile. Alipotoka hakumsemesha mjumbe. Alimuuliza Tabitha.

"Mwanangu, siku zako lini?"

"Wakati wowote, baba."

Akakaa kwenye jiwe la kufulia. "Mimi ng'ombe wangu wakipata kupe," akasema, "sipeleki mmoja joshoni nikaacha wengine zizini. Nikiacha hata ndama, nimefanya kazi ya bure. Wote, siku moja." Akaangalia ile nyumba yake ndefu, mlango kwa mlango. "Basi hili nalo ni zizi."

"Asante kwa kutuita ng'ombe," Yunis akasema.

"Ng'ombe wangu nawapenda, wewe shangilia. Dawa nitaleta mimi na mtu wa kupiga, vyumba vyote. Nyufa nitaziba mimi. Ninyi mtatoa vitu vyote nje, nguo zote na shuka zote zichemshwe, hakuna wa kufunga mlango akasema kwake hakuna. Mjumbe, nimekosea?"

"Hujakosea," akasema Revocatus. "Ndicho nilichokuwa naelekea kusema."

"Na wewe mama, una kazi moja zaidi." Akanielekezea kidole. "Ukimwona mdudu, umtaje jina lake. Siku ileile, kwa simu. Si mgeni. Jina lake."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko kuchemsha shuka. Lakini nilikubali, kwa sharti kwamba nitapiga simu nikiwa uani.

Siku ya dawa ilikuwa kama tumehamishwa na mafuriko. Vitanda, magodoro, makabati, masufuria, picha za harusi, vyote uani, na kila mtu anachungulia vya mwenzake. Nilifurahi sana, nilijua mengi siku ile kuliko mwaka mzima. Moto ulikuwa kwenye mafiga matatu, tunachemsha nguo kwa zamu. Mtu wa dawa alikuja na pampu mgongoni na kitambaa puani, akatuambia mtoto na mjamzito wasisogee mpaka dawa ikauke na vyumba vipate hewa. Akasema pia mayai huwa hayafi mara ya kwanza, itabidi arudi vikitotolewa vile vitoto. Maige akataka kitanda changu kichomwe. Nikakilalia.

"Nichome na mimi."

"Mama, kimeleta balaa lote hili!"

"Kimenitoa chini. Godoro choma, kitanda hapana."

Akachoma godoro. Kitanda tulikifungua mbao kwa mbao, tukakimwagia maji ya moto, mtu wa dawa akapuliza kila tundu la msumari, kikaachwa juani. Maige alikunja suruali, akakoroga saruji kwa mikono yake, akaanza kuziba nyufa, mwenye nyumba mwenyewe, na jasho linamtoka. Nilisimama nikamwangalia nikasema moyoni, Mungu, huyu mtu nilitaka kumficha jambo hili kwa mafuta ya taa.

Tabitha tulikuwa tumemkalisha mbali, upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha duka la mbegu. Nikamwona amesimama. Halafu nikaona hasimami vizuri. Nikasahau magoti. Nilivuka barabara sijui vipi, Yunis anasema niliruka mtaro, mimi nasema ananisingizia.

"Bibi, imeanza."

"Maige!" nikaita. "Maige weee! Mgeni! Mgeni anakuja!"

Yule mtu akatupa mwiko. "Yuko wapi? Si tulisema asibaki hata mmoja—" Akaona nilivyomshika Tabitha. Safari hii alielewa bila kueleweshwa. Hakunawa. Alipanda pikapu yake na mikono imejaa saruji, sisi tukapakiwa, tukaenda hospitali anapiga honi kama bwana harusi. Usukani wa gari lile una alama za vidole vya saruji mpaka leo. Nimemkataza kuzifuta.

Mtoto kweli alikuwa amekaa upande, wakamtoa kwa kupasua. Daktari alituambia tulifika vizuri, kutoka Mugango tusingefika. Maige alikuwa kwenye benchi la nje, saruji imemkaukia mikononi, hawezi hata kukunja vidole. Nilimshika ile mikono migumu, nikataka kumpa hotuba, nikakuta hotuba yote ni neno moja. Nikasema asante. Akasema, "Mama, mlango wako sijamalizia ufa wa juu," akaondoka kwenda kuumalizia.

Tuliporudi na mtoto, chumba kilinukia saruji na sabuni. Kitanda kilikuwa kimesimama mahali pake na godoro jipya juu. Sikuuliza bei. Nilichouliza ni hiki:

"Godoro hili limetoka wapi?"

"Dukani, mama! Lilikuwa na nailoni yake!"

Yule mtu wa pampu alirudi kama alivyosema, tukatoa tena vitu vyote nje, na mtoto akashinda kwa ndugu wa Yunis. Nami natimiza ahadi yangu. Kila jioni nainua godoro, naangalia mishono na matundu ya misumari kwa haya macho yangu yaliyopona, halafu natoka uani nampigia Maige. Mara ya kwanza kutaja nilifumba macho. Nilisema, "Hakuna kunguni," nikangoja radi. Haikupiga. Sasa nalitaja kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka, na Yunis ananiambia nipunguze, wateja wake watasikia.

Juzi ni Maige aliyepiga, kutoka shambani, upepo uleule.

"Shikamoo mama. Vipi huko, kuna wageni?"

Nikatazama ndani. Tabitha alikuwa ameketi kitandani, anaimba kidogo kidogo.

"Yupo mmoja, mwanangu."

Upepo ukapuliza. "Mama. Uko ndani au nje?"

"Nje kabisa. Yupo mmoja. Mchana analala, usiku anaamka. Hana jino hata moja, lakini ananyonya mpaka asubuhi, na yuko katikati ya kitanda chako."

Nikasikia anacheka peke yake kule kwenye pamba.

"Huyo mwache alale," akasema. "Huyo nimempa ruhusa."